Diwani Ndani ya Boksi la Biskuti

Alhamisi, 19 Juni 2025

Siku moja tu nilimwachia Habakuki. Siku moja!

Nimetoka Sindeni saa kumi na moja jioni, mikono bado ina grisi ya pampu, nikapitia kwake moja kwa moja. Habakuki ni jirani, fundi baiskeli, mtu mwema, sina ugomvi naye. Lakini kobe wa mtoto kamweka banda la kuku! Eti kule kuna uzio, mbwa hawaingii. Mbwa kweli hawakuingia. Kuku ndio waliokuwemo.

Jicho la kushoto limevimba. Kuna jeraha dogo pembeni, damu imeshakauka. Nilimwita: Diwani, Diwani. Akarudisha kichwa ndani.

Habakuki kasema samahani mara tatu. Halafu kasema kobe ana gamba, nani angejua. Nikamwambia jicho halina gamba, Habakuki.

Diwani si wangu. Ni wa Hajira. Alimwokota barabarani hapa Mkata mvua za Aprili mwaka jana, lori limempita juu bila kumgusa, akiwa mdogo kama kiberiti. Sasa anajaa kiganja. Hajira alimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi anazunguka uani kukagua, halafu harekebishi kitu. Alipokwenda likizo kwa mama yake Korogwe aliniachia karatasi ya daftari: asubuhi jua, mchana kivuli, maji kwenye mfuniko wa ndoo, usimpe ugali, usimgeuze tumbo juu. Chini kabisa kaandika: *Baba usimsahau.* Kapigia mstari.

Kapiga simu saa moja. Diwani amekula? Amekula. Anaendeleaje? Mzima kabisa, nikasema.

Mzima kabisa.


Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala nimepigiwa simu kutoka ustawi wa jamii Korogwe. Sauti ya mama mmoja, anaitwa Bi Agripina, mpole sana, na upole wake ndio ulionitisha. Mwaija, mama yake Hajira, kapeleka ombi. Anataka Hajira asirudi Mkata likizo ikiisha. Asome Korogwe, akae naye.

Wazazi tunaitwa Jumanne. Ijumaa mtoto atasikilizwa peke yake.

Nikauliza, mtoto wa miaka kumi anasikilizwa nini? Bi Agripina kasema: anachokijua yeye.

Miaka miwili tangu tuachane na Mwaija, mtoto yuko kwangu. Nampikia. Namsuka hata nywele, za mistari miwili, vibaya lakini nasuka. Nimekaa na simu mkononi mpaka fundi mwenzangu kaniuliza kama kuna msiba.

Jicho limefunga kabisa leo. Hajala.


Jumapili, 22 Juni

Nani wa kumwachia? Nimezunguka Mkata nzima. Dada yangu anaogopa, anasema kobe analeta ukame. Mwalimu wa hesabu ana watoto wanne na mbwa. Habakuki kaja mwenyewe kusema atamtunza ndani ya nyumba safari hii, chini ya kitanda. Nilimshukuru. Sikumpa.

Naenda naye.

Boksi la biskuti, nimelitoboa matundu kwa bisibisi pande zote. Chini mchanga, juu nyasi kavu. Kona moja nimepachika nusu ya kopo la rangi, nimelilaza ubavu, awe na mahali pa kujificha. Nimeona kwenye simu kwamba akikosa pa kujificha hali chakula. Na baridi hii ya Juni! Asubuhi hasogei mpaka jua lifike. Nimebeba chupa ya soda nitie maji ya moto, niizungushie kitambaa, nimwekee pembeni. Mfuniko wa ndoo umo.

Mimi mwenyewe nina shati mbili.

Hajira kapiga. Nimemwambia nakuja Korogwe. Kauliza: na Diwani anabaki na nani?

Nikasema utamwona Ijumaa. Kapiga kelele ya furaha hadi simu ikakwaruza. Kila siku najichimbia shimo jipya la uongo.


Jumatatu, 23 Juni

Tumefika. Basi lilikuwa na nafasi, nikakaa dirishani, boksi mapajani. Mama wa kiti cha pili kauliza, vifaranga? Nikasema ndiyo, vifaranga. Mbona hawalii? Wamelala, nikasema. Pale Segera alipanda askari, kapita katikati, kaangalia juu, kaangalia chini. Jasho lilinitoka kwenye hali ya hewa hii! Akashuka. Hakuniuliza kitu.

Sijui kwa nini niliogopa. Nilijua kwa nini niliogopa. Mtu hafugi mnyama wa porini hivi hivi. Nimelijua hilo tangu mwaka jana nikajifanya silijui, kwa kuwa mtoto alikuwa anacheka.

Nikapita duka la dawa za mifugo. Muuzaji kauliza ni ng'ombe, mbuzi au kuku. Kuku, nikasema. Jicho la kuku. Kaniuliza ana uzito gani. Nikaonyesha kwa kiganja. Kaniangalia: huyo si kuku, ni kifaranga, dawa hii ni kali. Kaniambia nioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo sana, mara tatu kwa siku, na chumba kiwe na joto. Basi. Hakuchukua chochote kutoka kwangu. Na mimi nimemdanganya.

Gesti ya Mama Yuditha, Manundu. Mama mnene wa Mpale huko milimani, msalaba shingoni, sauti inatangulia mwili. Shikamoo. Marahaba mwanangu, sheria zangu ni tatu: hakuna pombe, hakuna wageni chumbani, hakuna mnyama. Mteja mmoja alimletea mbuzi, mbuzi kala shuka.

Nikaitikia. Boksi liko kwapani!

Chumba namba nne. Nimemweka kati ya kitanda na ukuta, chupa ya moto pembeni. Nimeosha jicho. Limefunguka kidogo kama ufa, likafunga.


Jumanne, 24 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana nikianza kujitetea hapa pia nitakuwa nimechanganyikiwa.

Ofisi ya Bi Agripina ni ndogo, viti vitatu. Mwaija kaja kavaa baibui jipya. Kanisalimia vizuri: Baba Hajira, hujambo. Nikamjibu. Tukakaa kama watu wanaosubiri daktari.

Bi Agripina kamwambia aseme. Mwaija hakupayuka. Nilijiandaa kwa kelele, hakupiga kelele. Kasema: baba yake anampenda, silikatai. Lakini simu ya pampu ikilia, baba yake hayupo. Anakuwepo hapo hapo lakini hayupo. Kasema ile siku ya Novemba.

Siku ya Novemba ni kweli. Pampu ya kisima ilikufa Sindeni, watu mia mbili na ndoo zao wananisubiri. Nilisema nitamchukua Hajira shuleni saa nane. Nilimkumbuka saa kumi na mbili kasoro. Mvua. Alikuwa kibarazani mwa darasa la tatu peke yake, mfuko wa madaftari tumboni usilowane. Hakulia. Aliniambia: nilijua utakuja, ila sikujua lini.

Bi Agripina kaniuliza, ni kweli? Nikasema ni kweli. Kaandika.

Kauliza mengine: anakula nini, nani anamwangalia nikiwa safarini, shuleni anafaulu? Mengine nilijibu vizuri. Mwaija alikuwa anaangalia dirisha.

Tulipotoka kaniambia, mimi sitaki kukunyang'anya. Nikamwambia lakini unaninyang'anya. Akafunga mkoba wake, akaenda.

Mchana Diwani kala! Jani moja la mchicha, nusu ya jingine. Nilipiga magoti hapo sakafuni. Diwani, kula. Diwani, baba, jitahidi. Diwani, usiniangushe.

Hodi mlangoni! Mama Yuditha. Kafungua kabla sijajibu, kanga ya kiunoni, uso umemkunjamana: diwani gani uko naye humu ndani? Nilisema hakuna wageni! Na diwani mzima unamwambia ale, unambembeleza, ana nini?

Nikamwonyesha.

Akatazama muda mrefu. Nilidhani atanitupia begi nje. Akacheka mpaka kashika fremu ya mlango. Halafu ghafla akaacha. Kaniuliza: una karatasi ya huyu? Kibali? Sina. Mwanangu, huyu ni wa serikali. Hata ukimpenda vipi. Siku ukikutwa naye, kosa ni lako, si la mtoto.

Nikamweleza yote. Kuku, jicho, Ijumaa. Nilishangaa jinsi nilivyoeleza, kama mtu aliyefunguliwa koki.

Kasema: mtoe kwenye sakafu ya saruji, inamnyonya joto. Kaleta gunia. Kasema uani nyuma kuna jua zuri saa tatu hadi saa tano, karibu na simtanki la maji. Hadi Ijumaa tu. Sheria ya tatu naisimamisha.


Jumatano, 25 Juni

Amepotea.

Siwezi kuandika vizuri. Saa tatu na nusu nilimtoa uani, nikalaza kreti la soda juu yake chini juu, jua linapita kwenye matundu. Niko hapo hapo, nimekaa kwenye ndoo. Simu ikalia. Mkata. Pampu ya zahanati haivuti, maji hakuna, wauguzi wanalalamika. Nikaanza kumwelekeza fundi: fungua vali ya chini, si hiyo, ya chini! Mtandao unakatika. Nikasogea kwenye geti. Nikasogea barabarani. Nikachora vali kwa kidole ukutani kama vile ananiona.

Dakika ishirini. Labda ishirini na tano.

Kreti limeinuka upande mmoja, mchanga wa uani ni laini, amechimba. Kobe wa kiganja kimoja!

Nimetafuta hadi magoti yamechubuka. Chini ya simtanki, nyuma ya kuni, mfereji wa maji machafu, ua wa jirani, ua wa jirani wa pili. Nimeuliza watu. Mmoja kasema aliona paka. Sikutaka kusikia habari ya paka.

Maji ya zahanati yametoka, wamenipigia kunishukuru. Nikakata simu.

Mama Yuditha hakunilaumu. Alikuwa anainua mabati ya zamani, moja moja, kwa mikono yake.

Hajira kapiga saa moja. Diwani yuko wapi?

Nikasema amelala.

Yuko wapi, amelala wapi, chumbani kwako? Nikasema ndiyo. Kasema mwambie keshokutwa. Nimwambie keshokutwa.

Yale aliyosema Mwaija Jumanne, yale yale. Nilikuwepo hapo hapo, na sikuwepo.


Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi baridi, umande. Nikajua kama yuko nje hasogei, kwa hiyo hayuko mbali. Nikagawa ua kwa hatua, kama tunavyotafuta bomba lililopasuka: hatua mbili, piga magoti, papasa. Hatua mbili.

Saa mbili Mama Yuditha kaniita. Hakuita kwa sauti yake ile. Aliita polepole. Kuna mahali bomba la simtanki linadondosha tone tone na mchanga una unyevu, na kando yake rundo la majani makavu ya mwembe aliyoyafagia Jumapili. Alikuwa anataka kuyachoma leo asubuhi. Alikuwa ameshashika kiberiti. Kasema mkono ulisita tu, akaona afukue kwanza, akamkuta Diwani.

Nimekaa chini hapo hapo kwenye tope.

Alikuwa baridi kama jiwe. Miguu haikurudi ndani nilipoigusa. Nilimweka ndani ya shati, kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama Yuditha kaleta maji ya vuguvugu kwenye karai, kidogo, ya kufika kidevuni tu, tukamweka. Tukasubiri. Alikuwa anasali Kishambaa. Mimi nilikuwa nasoma Fatiha. Hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Robo saa. Mguu wa mbele wa kulia. Ukasogea.

Mama Yuditha kapiga vigelegele, nikamwambia taratibu, utamshtua!

Mchana kala tango. Jicho bado. Hata likipona sijui kama litaona.

Nimekaa naye chumbani mpaka jua limeanza kuondoka dirishani. Simu nimeizima. Mara ya kwanza mchana mzima tangu niwe fundi. Nikawaza niende naye kesho au nimwache hapa na Mama Yuditha, nimwambie Hajira yuko salama, atamwona baadaye, jicho likipona. Hilo lingekuwa rahisi. Bi Agripina hatamwona, hakuna atakayeuliza kibali. Mwaija hatajua kuhusu jana.

Mama Yuditha kasema, usiende na huyo kwenye ofisi ya serikali. Utakuwa umejipeleka mwenyewe. Nitamtunza hapa. Nikamwambia mama, wiki nzima nimemwambia mtoto Diwani ni mzima kabisa. Kesho anaulizwa anachokijua. Anachokijua ni uongo wangu.

Kasema: basi piga pasi hilo shati.

Jioni nimefungua simu kwa ajili ya Hajira tu. Diwani amekula? Amekula tango. Hilo lilikuwa kweli, nikahisi ajabu mdomoni.


Ijumaa, 27 Juni

Naandikia hapa kwenye benchi, nje ya ofisi. Boksi mapajani, daftari juu yake, mwandiko huu sijui nitausoma mwenyewe.

Saa tatu kamili tulifika, mimi na boksi. Mwaija na Hajira walikuwa wameshafika. Hajira kasukwa nywele vizuri, mistari sita, imenyooka. Kaniamkia, shikamoo baba, huku macho yako kwenye boksi. Nikamwambia subiri. Kuna kitu.

Nikachuchumaa mbele yake. Mwaija yuko pembeni, anasikia. Nikasema Diwani aliumia jicho. Nilimwachia Habakuki, akamweka na kuku.

Lini?

Alhamisi ya wiki iliyopita.

Akahesabu. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza. Kila siku nilikuuliza, kasema. Kila siku.

Ndiyo. Na juzi alipotea. Nilikuwa naye uani, simu ya pampu ikalia, nikaondoka. Alikaa nje mpaka asubuhi. Karibu achomwe na majani. Jana uliponipigia ndipo nilikuwa nimempata. Juzi niliposema amelala sikujua yuko wapi.

Nilidhani atalia. Hakulia. Kafungua boksi mwenyewe, kaingiza mkono polepole, hakumnyanyua. Alimgusa gamba kwa kidole kimoja. Diwani katoa kichwa, kamgeuzia lile jicho zima.

Kopo hili umeliweka wewe? kaniuliza. Mimi. La nini? La kujificha, asipojificha hali. Sikulijua hilo, kasema.

Bi Agripina katoka mlangoni. Kasalimia watu wote. Halafu: ndani ya boksi kuna nini?

Ningeweza kusema vifaranga. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lenyewe, bila kuitwa.

Kobe, nikasema. Wa porini. Sina kibali chake. Kosa ni langu, mtoto alimwokota tu.

Bi Agripina kaangalia boksi, kaniangalia, kamwangalia Mwaija. Kasema hilo si la ofisi yangu, lakini nimelisikia, na siwezi kusema sikulisikia. Watu wa wanyamapori nitawapigia leo. Kwanza mtoto. Jambo moja baada ya jingine.

Hajira kasikia. Uso ukambadilika. Watamchukua? kauliza. Bi Agripina kasema sijui. Hakusema hapana. Nilimheshimu kwa hilo, na lilinikata.

Hajira kafunga boksi, kanikalisha benchi, kaniwekea mapajani, kashusha mikono yangu yote miwili juu yake kama mtu anayefunga mlango. Usitoke hapa, kasema. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Sasa zimepita dakika arobaini.

Naisikia sauti yake, maneno siyapati. Anaongea mfululizo. Bi Agripina anasikika mara moja moja tu.

Mwaija alikuwa mwisho wa benchi. Sasa kasogea. Kaniuliza, anakula nini? Mchicha, nyasi, tango. Kafungua mkoba, ana karoti ameifunga kwenye karatasi, kasema alimletea Hajira ale. Kakwangua kipande kwa ukucha, kakipitisha kwenye tundu. Tumesikiliza. Hakuna kitu. Halafu tukasikia: kru, kru. Mwaija kacheka kidogo kupitia puani, kama zamani, akajizuia.

Halafu kasema, bila kuniangalia: kwa nini umemwambia yote? Ungeweza kungoja atoke. Angeingia humo anakusifia.

Nikasema, ndiyo maana.

Anakunja karatasi ya karoti, anaikunjua.

Kasema: mimi nilimwambia akihamia kwangu atakuja na Diwani. Nilimwambia tutamjengea banda uani. Mwenye nyumba wangu hataki hata paka, Baba Hajira. Nilijua tangu mwanzo. Nilisema tu ili akubali.

Wiki iliyopita ningelishika hilo kama rungu. Nimempa boksi alishike upande mmoja, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Tumelishika wote wawili.

Ndani kumenyamaza. Kiti kinasogezwa. Mwaija kasimama, kanitazama, kasema nitamwambia mimi habari ya banda, sasa hivi, kabla hajasema anataka nini. Nikamwambia labda ameshasema.

Kitasa kinazunguka.